Mlangoni Hapakuwa na Mtu

Baba,

Shangazi Mwanaidi anasema maiti haandikiwi barua, anaombewa dua. Dua nimekuombea. Leo baada ya alasiri nimekusomea Yasini nzima, sikuruka hata aya, kwa hivyo usidhani nimetafuta njia ya mkato. Ila dua ina maneno yake yaliyokwisha pangwa, na mimi nina mengine ambayo hayana pa kukaa mle. Ndiyo maana niko jikoni, nimekalia debe la unga, nakuandikia.

Nilianza kwa Kiingereza. Usinicheke. Kwa Kiingereza naweza kuandika kwamba baba yangu amefariki na mkono usitetemeke, kama vile natunga insha ya mtihani juu ya baba wa mtu mwingine. Nikaandika ukurasa mzima, safi kabisa, nikausoma, nikaona wewe hukuwamo hata kidogo. Nikauchana. Wewe Kiingereza ulinisemesha tu ukitaka kunichekesha: "Gudi moningi, madamu," huku umesimama mlangoni na begi lako, vumbi la mahindi limekujaa mpaka kwenye nyusi.

Basi, habari za nyumbani kwanza, kama ulivyopenda ukipiga simu. "Nipe za nyumbani, Bi Kimya, moja moja."

Mama amekaa eda. Chumbani ndiko kwake sasa, hatoki ila kwa dharura. Amekonda, lakini jana alimaliza sahani yake akasema chumvi imezidi. Nilifurahi, Baba. Mama akianza kulalamikia chumvi yangu, jua kuna uhai. Shangazi amehamia hapa kwetu mtaa wa Tena kutoka Majengo, analala na Mama, na analinda eda hiyo utadhani yeye ndiye aliyeiteremsha. Kaka Hamisi bado yuko soko la Gikomba anabeba bale, yale marobota ya mitumba. Mgongo unamuuma lakini hasemi, anajinyoosha tu kwenye sakafu akidhani hatumwoni.

Viatu vyako vya kazi viko palepale nyuma ya mlango. Hakuna anayevigusa. Mimi nilivigusa juzi. Nilikiinua kimoja nikakikung'uta na punje za mahindi zikadondoka sakafuni. Unakumbuka Mama alivyokuwa akizikuta kwenye beseni la nguo? "Mwanamume unafanya kazi kwenye ghala la mahindi la nchi nzima, unaniletea punje! Si ungeleta gunia." Na wewe ungejibu, "Mama Hamisi, hizi ni mbegu. Panda kwenye sufuria." Nilizirudisha punje ndani ya kiatu. Sijui kwa nini. Nilihisi ndimo mwao.

Nataka nikuambie mambo ya meneja. Alikuja hapa. Lakini nikianza hapo sitakuwa nimesema vizuri, kwa hivyo nivumilie nirudi nyuma kidogo.

Unakumbuka choo cha ploti yetu Majengo, kile cha mlango wa bati usio na komeo? Mtu akija alibisha hodi na aliye ndani alipaswa kupaza sauti, "Kuna mtu!" Na mimi sauti haikutoka. Nilikaa mle nimekumbatia magoti, nasikia kandambili za mtu zinakuja, nasema kuna mtu ndani ya kichwa changu tu. Mlango ukafunguliwa. Mara ngapi, Baba? Watoto wa ploti wakanitungia jina. Nikawa sitaki kwenda, nikawa najibana mpaka nikaugua. Mama alinikaripia, Shangazi akasema nipelekwe nikasomewe. Wewe ulinichukua tu mpaka kwenye ule mlango wa bati, ukaingia ndani, ukajifungia.

"Gonga mara mbili," ukasema.

Nikagonga. Na wewe ukagonga kutoka ndani, mara mbili, taratibu.

"Hiyo maana yake nipo. Kule kazini tukiwa ndani ya tangi la mahindi hatusikilizani, mashine inanguruma. Aliye nje akigonga bati, wa ndani anajibu. Mtu mzima na ndevu zake anagonga, haoni haya. Sembuse wewe."

Tangu siku hiyo desturi hiyo haikuwahi kunitoka. Hata tulipohamia huku kwenye choo chenye komeo, ukirudi nyumbani ulipita mlango wowote niliomo ukagonga mara mbili, nami nikajibu. Mama alilalama, "Nyinyi wawili mtanivunjia milango, mnagongana kama walevi." Yeye hakuwahi kugonga hata mara moja. Yule ni mtu wa kuita. Jina langu Zuhura alilitoa kwa sauti iliyofika mpaka mtaa wa Umoja.

Kazi yako uliwahi kunieleza mara moja tu, kwa ugali. Ulikuwa umekwangua sufuria, ukanionyesha ule ukoko uliobaki chini. Ukasema mahindi yakinunuliwa mabichi yakamwagwa ndani ya tangi, yanapata joto, yanaota ukungu, yanashika ukoko kama huu, ila huo wa mahindi unakaa juu. Mashine ya chini inavuta mahindi kwenda kwenye malori, chini kunabaki shimo, na juu ukoko umetanda kama sakafu. Mtu anatumwa na fito akaupasue. Akiukanyaga vibaya, unavunjika, na mashine inamvuta pamoja na mahindi.

Ukabonyeza ule ukoko kwa kidole gumba. Ukavunjika.

"Sasa kwa nini wasinunue makavu?" nikauliza. Hilo lilikuwa swali refu kwangu.

Ulicheka. "Makavu yanataka kungoja, Bi Kimya. Na mwenye ghala hajuani na mtu anayeitwa Kungoja."

Basi ukataka kufuli. Hukutaka makuu, kufuli tu la kufungia sanduku la swichi, ili ukiwa ndani mashine isiwake. Uliomba, ukaambiwa litaangaliwa. Ukaomba tena, likaangaliwa tena. Mwishowe ulilinunua mwenyewe, na mimi nilikuwa nawe Gikomba siku hiyo. Ulijaribu makufuli yote ya yule muuzaji, unayafunga, unayavuta kwa uzito wako wote, mpaka akakasirika. "Mzee, kwani unafunga benki?"

"Nafunga roho yangu," ukasema, na nyote wawili mkacheka. Mimi sikucheka.

Na hilo kufuli lilifanya kazi. Mpaka ile Ijumaa. Ulinisimulia mwenyewe kwenye simu, na ulikuwa unacheka mpaka unakohoa. Ulimaliza kupasua ukoko, ukashuka, ukaoga upesi, ukaenda zako msikitini mjini na ufunguo uko mfukoni. "Nasujudu, kitu kinanichoma paja. Naomba Mungu anisamehe, nikadhani ni dhambi. Kumbe ni ufunguo!" Huku ghalani mashine haiwaki, malori yamejipanga mpaka barabarani, madereva wanatukana. Meneja akaleta msumeno, akakata kufuli lako. Akapiga marufuku makufuli ya watu binafsi.

Nilicheka na mimi, Baba. Ni kisa cha kuchekesha. Bado ni cha kuchekesha, hilo ndilo linaloniuma.

Baada ya hapo mlibaki na kamba na mtu wa mlangoni. Rafiki yako Barasa ndiye aliyetuambia yaliyobaki. Alikuja matangani na basi la asubuhi, akakaa na viatu vyake mkononi, hakutaka chai. Alisema ulipanda na fito. Alisema kamba ilikuwepo, ncha moja kiunoni kwako, na ncha ya pili ilitakiwa iwe mkononi kwake pale mlango wa juu. Akaitwa ashuke akasaidie kupakia, mawingu yalikuwa yametanda na magunia yako nje. Aliambiwa ni dakika chache, na huku nyuma mashine ikawashwa. Alirudi akagonga bati.

Hapo Barasa akagonga kiatu kimoja kwa kingine, mara mbili. Kisha akaangalia kile kiatu kana kwamba anangoja.

Sisi wanawake hatukwenda makaburini, wajua. Kaka Hamisi ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Alirudi na udongo mwekundu kwenye kanzu, akaniambia kitu kimoja tu: "Ni refu kule chini, Zuhu."

Sasa meneja.

Alikuja Jumamosi. Nilitaka awe mtu mbaya. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani, tumbo kubwa, miwani myeusi. Akaja mwanamume mwembamba mwenye kikohozi kama chako, amebeba mchele na sukari kwenye mkoba wa sokoni. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na soksi yake ilikuwa na tundu kidole kikatokeza. Akakificha chini ya mguu mwingine muda wote aliokaa. Baba, ni vigumu kumchukia mtu anayeficha kidole.

Mama hakuweza kutoka, na Shangazi akashikilia kwamba hata sauti yake mgeni asiisikie. Nadhani sheria haijafika huko, lakini nani atabishana na Shangazi? Ikaamuliwa maneno yapelekwe. Na mpelekaji, umekisia? Mimi. Eti kwa sababu Hamisi ni lazima akae na mgeni kama mwanamume wa nyumba. Nyumba nzima haina mdomo mwingine ila huu wangu.

Nikawa naingia chumbani, nafunga mlango, nachukua neno, natoka nalo.

"Mama anasema ahsante kwa kufika."

"Mama anasema mchele mmesumbuka bure."

"Mama anasema ni kudra ya Mwenyezi Mungu."

Nilikuwa nikisema nikiangalia zulia. Meneja alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama vile Mama yuko mbele yake. Kisha akakohoa akasema lililomleta.

"Marehemu alikuwa mtu wangu wa kutegemea. Pale kwetu tuna desturi: mtu akituacha, nafasi yake haiiachi familia. Nimemwekea kijana wenu. Anaweza kuanza wiki ijayo, kazi ileile ya baba yake."

Hamisi alikuwa amekwisha jua. Walishazungumza kwenye simu, kumbe. Nilimwona usoni, alikuwa na ule uso wa kuajiriwa, amenyoa ndevu. Na simlaumu. Wewe ungemwona anavyonyanyuka asubuhi, anajishika kwenye ukuta. Lakini nilikumbuka ulivyotuambia kwamba Barasa naye aliingia pale kwa nafasi ya baba yake, na sisi hatukuwahi kuuliza baba yake Barasa aliondokaje.

Nikaingia chumbani. Mama alikuwa kitandani na tasbihi, Shangazi kando yake. Nikamweleza. Mama alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Shangazi akamjibia: "Mwambie tumesikia, tutashauriana." Nikatoka na lile neno la Shangazi, nikafunga mlango nyuma yangu, nikasimama nimeuegemea.

Na likakataa kutoka. Lilikataa vilevile kama kule chooni. Nikasikia zile kandambili zinakuja, Baba. Nikasema lingine.

"Mama anauliza, siku ile nani alikuwa mlangoni?"

Hamisi aligeuka. Meneja akasema, "Mlango upi, binti?"

"Wa juu. Wa tangi."

Alikuwa na glasi ya maji, akaiweka chini polepole sana. Nilidhani atasema yale aliyokuwa amewaambia watu, kwamba marehemu aliingia kwa hiari yake. Alianza hata, "Baba yako alikuwa mzoefu, yeye mwenyewe ali..." Kisha akaangalia viatu vyako nyuma ya mlango. Vinaonekana kutoka kwenye kile kiti.

"Hapakuwa na mtu," akasema. "Nilimwondoa mimi. Mvua ilikuwa inakuja."

"Mama anauliza, na kufuli?"

"Nililikata mimi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mwenye ghala ananipigia kila saa, malori, malori, malori. Ningelinunua jingine. Kila siku nasema nitanunua. Binti, mwambie mama, sina neno la kumwambia."

Analia mtu mzima kwenye kiti chetu, na mimi ndiye niliyemliza. Nilitaka kumletea kitambaa. Badala yake nikasema, na sijui sauti ilitoka wapi, maana haikuwa kubwa hata kidogo:

"Mama anasema Hamisi hatakwenda."

Kaka Hamisi akasimama. "Mama hajasema hivyo! Zuhu, wewe tangu lini unaongea? Hii ni kazi, unasikia? Ni mshahara wa mwezi. Unajua bale ni nini wewe? Umewahi kuibeba?"

Niliangalia kidole cha meneja.

Akaja mpaka kwenye mlango niliouegemea, akashika kitasa, akaweka mdomo karibu na ubao. "Mama! Umesema nisiende? Mama?"

Mama hawezi kujibu, mgeni yupo, Shangazi amemshika mkono. Mimi nilijua hilo. Nilijua pia kwamba mlango ukifunguliwa Shangazi atasema ukweli, kwamba neno lilikuwa tutashauriana, nami nitakuwa mwongo mbele ya mgeni, katika msiba wa baba yangu. Mgongo wangu ulikuwa bado kwenye ule ubao.

Ndipo nikausikia ubao ukigongwa kutoka ndani. Nilianza kuuhisi kwenye mfupa wa bega kabla ya sikio. Mara mbili, taratibu.

Hamisi aliurudisha mkono wake. Hakuuliza tena. Naye amekulia nyumba hii, anajua maana yake. Alikaa chini kama mtu aliyetuliwa bale.

Baba, Mama aligonga. Yule wa kuita. Nilipoingia baadaye alikuwa amesimama pale nyuma ya mlango, kiganja chake bado kiko kwenye ubao, Shangazi amekasirika. Mama akaniambia, "Umeniwekea maneno mdomoni."

"Nisamehe, Mama."

"Yalikuwa yangu," akasema. "Nilikuwa sijayapata tu." Kisha akanituma nikaangalie kama mgeni amepewa maandazi.

Sijui kama nimefanya vizuri. Wewe ndiye ningekuuliza. Hamisi alikuwa akinipita kama kiti. Bado anabeba bale. Nikimkanda mgongo kwa mafuta ya moto hanikatazi, lakini haniambii ahsante, na nikikaribia pale panapouma nasikia pumzi yake inakatika, najiuliza nimemlinda au nimemfunga. Siku nyingine naamka nikiwa nimekukasirikia wewe. Kwa nini ulipanda? Ulikuwa na mdomo, wewe si mimi. Ungesema sipandi. Kisha naikumbuka karo yangu na ninanyamaza.

Mara moja tu Hamisi alilitaja. Tulikuwa tunakula, akaukwangua ukoko wa ugali, akaukazia macho. Akasema, "Mzee alikuonyesha hii?" Nikaitikia kwa kichwa. "Mimi hakunionyesha," akasema. Akaula.

Barasa alipiga simu. Anasema meneja ameweka kufuli jipya kwenye sanduku la swichi, na ufunguo anakaa nao anayeingia, si ofisi. Anasema wametundika kibao kidogo pale: anayekwenda msikitini au kanisani aache ufunguo kwa mwenzake. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Shangazi akaja kuangalia. Hicho kibao ni chako, Baba, hata kama hakina jina. Lakini anasema mahindi mabichi bado yananunuliwa, na mwenye ghala bado anapiga simu kila saa, na yeye Barasa hajui meneja ataweza kusimama hivyo mpaka lini. Mimi pia sijui. Nimemwomba asikubali kuitwa akiwa mlangoni, hata dunia ikinyesha. Nilimwomba kwa mdomo wangu, kwa simu, na unajua ninavyoogopa simu.

Shangazi anaita, maghrib inakaribia. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya kiatu chako cha kulia, pamoja na zile punje. Mama anasema akitoka edani viatu vitolewe sadaka. Nitazitoa punje kwanza.

Ulale salama, Baba. Mungu akupanulie nafasi huko uliko, pawe na hewa. Hilo ndilo ninalokuombea kuliko yote, hewa. Nami nakuahidi jambo moja, maana mawili nitashindwa. Mlango wowote alipo mtu wangu, nitaugonga. Na nikigonga nisijibiwe, sitaondoka nikadhani hapana mtu.

Wako,
Bi Kimya